UTANI UNA MPAKA: SOMO KUHUSU UNYANYASAJI WA KINGONO MAHALI PA KAZI

Katika vijiji vya Mkoa wa Singida, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, utani ni jambo la heshima. Mtani huweza kuingia msibani akacheka mahali ambapo wengine wote wanalia, akazuia jembe la kuchimbia kaburi mpaka apewe chochote, na hakuna anayemkasirikia. Wafiwa hupata nafuu, na undugu kati ya koo na makabila huendelea kuishi.

Kwa kuwa utani unaheshimiwa, maneno mawili yamepata nguvu kubwa kuliko yanavyostahili: "Nilikuwa natania." Mkuu wa ofisi humwambia mhudumu neno la aibu kuhusu mwili wake, na akionekana kuchukia huambiwa kwamba ulikuwa utani. Mteja humshika kiuno muuza chakula mnadani, na akisukumwa mkono husema alikuwa anatania. Anayelalamika ndiye huonekana mkosaji, asiyejua kuishi na watu.

Somo hili linaeleza namna ya kuutambua unyanyasaji wa kingono mahali pa kazi, sheria zinavyousema, mafunzo ya wafanyakazi yanavyopaswa kuwa, na njia zilizo wazi kwa mkazi wa Kata ya Mgori anayetendewa au anayeshuhudia kitendo hicho.

Unyanyasaji wa kingono ni nini?

Kwa lugha nyepesi, unyanyasaji wa kingono kazini ni neno, ishara, mguso, picha, ujumbe au sharti lolote lenye maana ya kingono ambalo anayeelekezewa hakulitaka, na ambalo linamvunjia heshima, linamtia hofu au linamharibia kazi yake. Mzizi wa maana hiyo uko katika kutotakiwa kwa kitendo. Mtendaji anaweza kudai kuwa nia yake ilikuwa njema, lakini kipimo cha kwanza ni jinsi kitendo kilivyopokelewa na yule aliyetendewa.

Unyanyasaji huu huja kwa sura nne.

Sura ya kwanza ni maneno na ishara: kusifia maumbile ya mtu kwa namna ya kumwaibisha, kumwuliza habari za faragha za ndoa yake, kumpigia miluzi, kumkonyeza, au kumsimulia vichekesho vya chumbani asivyotaka kuvisikia.

Sura ya pili ni mguso: kumshika, kumpapasa, kumbana katika njia nyembamba, au kumkumbatia kwa nguvu kwa kisingizio cha salamu.

Sura ya tatu ni picha na ujumbe. Simu ya mkononi imeurefusha mkono wa mnyanyasaji. Picha za utupu zinazotumwa katika kundi la wafanyakazi, au ujumbe wa mapenzi unaotumwa usiku na msimamizi kwa mtu aliye chini yake, ni sehemu ya tatizo hili hata kama wawili hao hawakuwa ofisini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 pia inakataza kutumia mawasiliano ya kielektroniki kumtisha au kumsumbua mtu.

Sura ya nne ni sharti, ambalo wengi hulijua kwa jina la rushwa ya ngono. Hapa mwenye mamlaka huweka mwili wa mtu kuwa bei ya kitu ambacho hakina bei hiyo: ajira, kibarua, mkataba mpya, kupanda cheo, ruhusa, uhamisho, alama za mtihani au huduma ambayo mwananchi ana haki ya kuipata bure.

Vipimo vinne vya utani

Mtu anayesema alikuwa anatania anaweza kupimwa kwa utani wenyewe, kwani mila ya utani ina kanuni zake na kila mzee anazijua.

Kipimo cha kwanza ni usawa. Watani hutaniana kwa pande zote mbili. Anayerushiwa neno leo ana haki ya kulirudisha leo hiihii, tena kwa ukali uleule, na hakuna atakayemwadhibu. Je, mhudumu wa mkataba anaweza kumrudishia msimamizi wake neno la aibu mbele ya watu na kesho akakuta kazi yake ipo? Kama hawezi, basi wawili hao si watani. Mmoja ana mamlaka na mwingine anavumilia.

Kipimo cha pili ni hiari. Mtani wa kweli akiona mwenzake ameumia, huacha na kuomba radhi. Mnyanyasaji akiambiwa "acha", huendelea, au hugeuza kukataliwa huko kuwa kosa la kulipizwa.

Kipimo cha tatu ni uwazi. Utani huchezwa mbele za watu, na jamii nzima ni shahidi. Jambo linaloanza kwa kufunga mlango, au kwa kumwagiza mtu asimwambie yeyote, limekwisha kujihukumu lenyewe.

Kipimo cha nne ni matokeo. Baada ya utani, watu hubaki ndugu. Baada ya unyanyasaji, mtu mmoja huanza kuchelewa kazini, hukwepa zamu, huomba uhamisho au huacha kazi kabisa, na mara nyingi hakuna anayejua sababu.

Kipimo cha tatu kinahitaji tahadhari. Yapo maovu yanayofanyika hadharani, na watazamaji wakayacheka kwa miaka mingi kabla ya kugundua kuwa walikuwa wanashiriki. Historia ya nchi hii inao mfano unaopaswa kukumbukwa.

Kutoka ukutani hadi kwenye sheria

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kikundi cha siri cha wanafunzi kilichojulikana kwa jina la Punch. Kikundi hicho kilikuwa kikibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike. Wapitao walisoma na wengi walicheka. Mwanafunzi aliyebandikwa humo alitengwa, na aliyethubutu kumtetea alijiweka katika hatari ya kubandikwa yeye.

Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Levina Mukasa, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kusumbuliwa na watu wa kikundi hicho. Kifo chake kiliishtua nchi. Kilichokuwa kikihesabiwa kuwa kichekesho cha wanafunzi kilionekana kwa sura yake halisi. Wazee walikwisha kuonya zamani kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Vyama vya wanawake, kikiwemo Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilichoanzishwa mwaka 1987, vilipaza sauti kudai kwamba udhalilishaji wa aina hii utambuliwe na sheria. Kazi hiyo ya miaka mingi ilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, ambayo ilirekebisha Kanuni ya Adhabu. Kupitia sheria hiyo kiliingizwa kifungu cha 138D, kinachofanya unyanyasaji wa kingono kwa maneno au vitendo kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho kinagusa waziwazi matamko na vitendo vya kingono visivyotakiwa vinavyofanywa na mtu mwenye mamlaka mahali pa kazi. Adhabu iliyowekwa ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru aliyetendewa alipwe fidia.

Sheria nyingine zilifuata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi kama jinsi, ujauzito au hali ya ndoa kuwa aina ya ubaguzi uliokatazwa. Kifungu hicho kinamlinda pia anayeomba kazi, hata kabla hajaajiriwa. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa chini ya sheria hiyo mwaka 2007 zinatambua kwamba mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono, au kwa sababu mwajiri alishindwa kumlinda dhidi yake, anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa kazi na mwajiri. Kwa maneno mengine, mwajiri aliyejua na akanyamaza hawezi kujitetea kwa kusema kuwa si yeye aliyemgusa mtu.

Mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kifungu cha 25 kilifanya kuwa kosa kwa mtu mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa watumishi wa umma, kanuni za maadili ya utendaji nazo zinakataza kushinikiza ngono, kumgusa mtu asivyotaka, na kutoa maneno au mizaha ya kingono kuhusu mwili wa mwenzako.

Mahali pa kazi ni wapi?

Neno "kazini" huwafanya watu wengi wafikirie ofisi yenye meza na kompyuta. Kwa fikra hiyo, wakazi wengi wa Mgori wangeonekana hawana mahali pa kazi. Ukweli ni kwamba shamba la alizeti wakati wa kuvuna ni mahali pa kazi kwa kibarua aliyeitwa kuvuna. Mashine ya kukamua mafuta ni mahali pa kazi. Kibanda cha mama lishe, kilabu, duka, mnada, bodaboda inayompeleka mwalimu shuleni, na nyumba ya mtu aliyeajiri msaidizi wa kazi za ndani, zote ni sehemu za kazi.

Fikra hii pana imo pia katika Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika kimataifa Juni 2021. Mkataba huo unaeleza kwamba ukatili na unyanyasaji kazini unaweza kutokea ofisini, safarini kwenda au kutoka kazini, katika mafunzo, katika mawasiliano ya simu, na katika makazi yanayotolewa na mwajiri. Unawataja pia wanaojifunza kazi, wanaojitolea na wanaotafuta kazi. Funzo hilo linafaa mno vijijini, mahali ambapo vijana wengi huanza kwa kujitolea katika shule au zahanati wakisubiri ajira, na hivyo huwa na hofu zaidi ya kumuudhi mkuu wao.

Mifano ya kujadili

Mafunzo mazuri hayaanzi kwa kusoma vifungu. Huanza kwa mifano inayofanana na maisha ya wanaofunzwa. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya somo, na inaweza kutumika katika kikao cha wafanyakazi, cha kikundi au cha kijiji.

Mfano wa kwanza. Binti anayejitolea katika kituo cha huduma husifiwa umbo lake kila asubuhi na msimamizi, mbele ya wenzake. Wote hucheka, naye hucheka. Je, amekubali? Wanaofunzwa waelekezwe kutazama anachokifanya baada ya kucheka. Kama hukwepa kuingia katika chumba alimo msimamizi, au amebadili njia na mavazi yake, basi kicheko kile ni ngao. Mtu mwenye hofu hucheka ili jambo lipite upesi.

Mfano wa pili. Msimu wa alizeti umefika, na msimamizi wa mashine ndiye anayechagua vibarua kila siku. Mama mmoja anaambiwa kwamba hatakosa kibarua ikiwa "atajua kuishi na watu vizuri". Hakuna neno la aibu lililotamkwa. Hata hivyo siku anayojifanya hakuelewa, jina lake halisomwi. Mfano huu hufundisha kwamba rushwa ya ngono huzungumza kwa mafumbo, na kwamba mafumbo hufumbuliwa kwa kutazama nani anapewa kazi, nani ananyimwa, na baada ya tukio gani.

Mfano wa tatu. Mhudumu wa kibanda cha chakula mnadani anashikwa na mteja. Anamwambia mwenye kibanda, naye anamjibu, "Vumilia, huyo ananunua sana." Nani mkosaji? Mteja ni mkosaji wa kwanza. Mwenye kibanda naye amekosa, kwa kuwa amemuuza mhudumu wake pamoja na chakula. Jibu sahihi lilikuwa kumwita mteja, kumweleza mpaka wake, na kumwondoa asipotii.

Mfano wa nne. Kijana wa kiume anayefanya kazi ya ulinzi anatumiwa ujumbe wa mapenzi na mwajiri wake wa kike. Akiwaeleza rafiki zake, wanamwambia amepata bahati. Wanaume nao hunyanyaswa, na kejeli ya wenzao ni mojawapo ya sababu za kunyamaza. Sheria haikuweka jinsi moja kuwa mtenda na nyingine kuwa mtendewa.

Jambo moja lisichanganywe na mifano hii. Mtoto hana utani wa aina hii na mtu mzima, wala hakuna ridhaa yake inayoweza kuzungumzwa. Msichana mdogo anayefanya kazi za ndani, au mwanafunzi anayesumbuliwa na mtu mzima, analindwa na sheria kali zaidi, na taarifa yake haipaswi kusubiri kikao chochote.

Mafunzo yanayofaa yawe na nini?

Kuwakusanya wafanyakazi mara moja, wakasikiliza hotuba na kusaini karatasi ya mahudhurio, hakubadilishi tabia. Mafunzo yenye kuzaa matunda yana mambo sita.

Kwanza, yatolewe mapema. Mfanyakazi mpya aelezwe siku za mwanzo, pamoja na saa za kazi na malipo, kwamba jambo hili limekatazwa na aende kwa nani likitokea. Maelezo hayo yawe kwa Kiswahili chepesi, na panapohitajika kwa Kinyaturu, ili asiachwe mtu kwa sababu ya lugha.

Pili, wakuu wafunzwe kabla ya walio chini yao. Mkuu anayepokea malalamiko anapaswa kujua kusikiliza bila kukatiza, kuandika tarehe, mahali na maneno kama yalivyosemwa, na kutunza siri. Asiulize mlalamikaji alivaa nini. Asiwaite wawili hao "wayamalize" kwa kupeana mikono. Asimhamishe mlalamikaji kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Tatu, wanaoshuhudia wafunzwe wajibu wao. Mara nyingi mtendewa hana nguvu ya kusema, lakini aliye karibu anayo. Anaweza kukatiza mazungumzo kwa kumwita mwenzake afanye kazi nyingine. Anaweza kuacha kucheka, na ukimya huo pekee humwonyesha mtendaji kwamba amebaki peke yake. Anaweza kumwambia baadaye, "Nimeona, na niko tayari kueleza nilichokiona." Katika habari ya Punch, ukuta usingekuwa na nguvu kama wasomaji wangekataa kuusoma.

Nne, kuwe na milango miwili ya kupeleka malalamiko. Kama njia pekee ni msimamizi wa kituo, na msimamizi ndiye mnyanyasaji, basi njia hiyo imefungwa. Mlango wa pili unaweza kuwa afisa utumishi, afisa ustawi wa jamii, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mtu mwingine aliyeteuliwa na kutangazwa kwa wote.

Tano, mlalamikaji na mashahidi walindwe dhidi ya kisasi. Kisasi huja kwa sura nyingi: zamu za usiku mfululizo, kunyimwa safari za kikazi, taarifa mbaya ya utendaji, au minong'ono. Wafanyakazi wakiona mmoja aliyesema ameumizwa, hakuna mafunzo yatakayowafanya wa pili na wa tatu waseme.

Sita, mafunzo yarudiwe na kupimwa. Sanduku la maoni lisilo na barua hata moja huweza kumaanisha kwamba mahali ni salama. Huweza pia kumaanisha kwamba watu wanaogopa kuonekana wakilikaribia. Kiongozi mwenye busara huchunguza: nani ameacha kazi ghafla, nani anakataa kufanya kazi na nani, na kwa nini.

Anayetendewa afanye nini?

Kama ni salama kufanya hivyo, amwambie mtendaji waziwazi kwamba kitendo hicho hakitaki. Maneno machache yanatosha. Asiposema kwa hofu, kunyamaza kwake si ridhaa.

Aweke kumbukumbu. Aandike tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotumika na waliokuwepo. Asifute ujumbe wa simu hata kama unamchukiza kuuona. Pasipokuwa na shahidi, asikate tamaa. Katika makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtendewa peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli.

Amweleze mtu anayemwamini, kisha achague njia inayolingana na jambo lililotokea.

Kwa jambo la kinidhamu, malalamiko hupelekwa kwa mkuu wa kituo au kupitia mlango wa pili uliotajwa. Mtumishi wa halmashauri anaweza kuandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya kupitia afisa utumishi, na kwa walimu ipo Tume ya Utumishi wa Walimu. Vyama vya wafanyakazi kama TALGWU, TUGHE na CWT vina wajibu wa kumsindikiza mwanachama wake.

Kwa rushwa ya ngono, taarifa hupelekwa TAKUKURU, ambayo ina ofisi mjini Singida na hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Ni vema taarifa itolewe kabla ya siku ambayo mdai amepanga, kwa sababu maofisa huweza kuandaa uchunguzi wakati jambo bado linaendelea.

Kwa kosa la jinai kama kushikwa kwa nguvu, kutishwa au kushambuliwa, mahali pa kwenda ni kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyeumizwa apatiwe fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, na afike haraka katika kituo cha huduma za afya, akiwa hajaoga wala kufua nguo alizokuwa amevaa ikiwa ameingiliwa kimwili. Kwa dharura namba ni 112. Kwa jambo linalomhusu mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Kwa mgogoro wa ajira, mfanyakazi wa sekta binafsi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni mfupi: anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30, na kwa migogoro mingine siku 60. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma.

Kwa asiyejua aanzie wapi, afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kata anaweza kumwelekeza. Zipo pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika ngazi ya kata na kijiji, zilizoanzishwa chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA), ambao awamu yake ya kwanza ilianza mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria nao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Haki kwa pande zote

Baadhi ya watu huuliza: vipi ikiwa mtu atasingiziwa? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Kupokea malalamiko si kutoa hukumu. Mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa anachotuhumiwa, kusikilizwa na kuleta mashahidi wake. Jina lake, kama lilivyo la mlalamikaji, halipaswi kutembezwa kijiweni kabla ya uchunguzi kukamilika. Utaratibu ulioandikwa na unaofuatwa ndio unaomlinda asiye na hatia, kwani pasipo utaratibu kinachobaki ni uvumi, na uvumi haubagui.

Wengine huhofia kwamba wafanyakazi wataogopa hata kusalimiana. Hofu hiyo huondoka watu wanapovirudia vile vipimo vinne. Salamu, pongezi ya kazi nzuri, pole ya msiba na kicheko cha wenza wanaoheshimiana havijakatazwa na sheria yoyote.

Maswali ya kujadili katika vikao

1. Katika sehemu zetu za kazi, ni maneno gani yamezoeleka kuitwa utani, na je, yanapita katika vipimo vinne vilivyoelezwa?

2. Mfanyakazi mgeni katika kijiji, asiye na ndugu hapa, akinyanyaswa leo, angemwendea nani? Je, anamjua mtu huyo kwa jina na anajua anapopatikana?

3. Vibarua wa msimu wa mavuno huchaguliwa kwa utaratibu gani? Orodha ya wazi inayofuata zamu ingepunguza vipi nafasi ya mtu mmoja kuweka masharti?

4. Wenye mashine, vibanda na maduka wanaweza kukubaliana vipi kwamba mteja anayewashika wahudumu hatahudumiwa na yeyote kati yao?

5. Wanaume wa kijiji wafanye nini ili anayelalamika, awe mwanamke au mwanamume, asichekwe?

Vikao vya kijiji vinaweza kuanza na swali la pili. Pale ambapo jina la mtu wa kumwendea halijulikani, kikao kimteue na kumtangaza kabla ya kufungwa, ili mfanyakazi atakayelihitaji jina hilo asianze kulitafuta siku ambayo tayari ameumizwa.